Ukirudi likizo, chukua kazi moja iwe yako

Wenzangu mnaosoma uzamili ughaibuni na Desemba hii mnarudi nyumbani: siku ya kwanza tu, shika kazi moja ya nyumbani iwe yako mpaka unaondoka. Usiulize "nisaidie nini?" Mama atakujibu "pumzika mwanangu," na utabaki mgeni.

Mimi nimetoka Berlin, ambako mwezi huu jua huzama kabla ya saa kumi jioni, nikafika Ngamiani, Tanga, kwenye joto la kaskazi. Nimechukua kukuna nazi. Saa nne asubuhi nakalia mbuzi, bibi yuko jamvini anachambua mchele, na hapo mazungumzo huja yenyewe. Juzi, vidole vingali kwenye ungo, akaniambia haoni tena tundu la sindano. Miezi yote ya kupigiana simu hakuwahi kulitaja. Kesho nampeleka kupimwa macho.

Tasnifu naiandika baada ya sala ya alfajiri hadi saa mbili, kisha kompyuta naifunga kabisa.

Na ukikuna, usifike kwenye ngozi ya kahawia. Tui litaingia weusi.