Kabla hujaomba funguo: kilevi na sheria ya barabarani kwa dereva wa Tanga

Kaunta ya baa ninayohudumia hapa Ngamiani kuna swali halikosi kila wikiendi: "Dada, nikinywa ngapi trafiki hanikamati?" Nalijibu kila siku kwa mdomo, leo naliandika lote.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, Sura ya 168. Dereva wa gari lake binafsi hatakiwi kuzidisha miligramu 80 za kilevi katika kila mililita 100 za damu. Ndiyo ile 0.08 wanayoitaja watu. Dereva wa gari la biashara kikomo chake ni sifuri. Kaka yangu wa basi la stendi ya Kange au daladala, hesabu ya chupa haikuhusu hata kidogo. Na wewe wa bajaji au bodaboda unayebeba abiria kwa nauli, jihesabu humo humo.

Halafu kuna kifungu ambacho wateja wangu wengi hawakijui. Ukiendesha ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari, hilo ni kosa linalosimama peke yake. Mtu anaweza kuwa chini ya 80 na bado akawa anakula upande wa wenzake pale Mabanda ya Papa. Hawezi kujitetea kwa namba.

Sasa tuje kwenye chupa. Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu 20 hivi za kilevi halisi. Mwanamume wa kilo 70, chupa hiyo moja inampandisha kama miligramu 42 kwa kipimo kile kile cha damu. Mwanamke wa kilo 60 inampandisha kama 60, kwa sababu miili yetu sisi wanawake ina maji machache ya kukizimua kilevi. Kwa hiyo mwanamume akizinywa mbili haraka haraka, yuko mpakani. Mwanamke akizinywa mbili, ameshavuka. Na huyo dada ndiye atakayeambiwa na wenzake, "Wewe hujalewa, tupeleke Raskazone."

Konyagi ni asilimia 35. Chupa ndogo ya mililita 200 inakaribia gramu 55, karibu sawa na bia tatu, na watu huimaliza huku wanatazama kipindi kimoja cha mpira. Tembo la mnazi sikupi namba. Linaendelea kuchacha ndani ya dumu, kwa hiyo uliloonja asubuhi likiwa tamu, jioni ni kali. Usilipimie safari.

Ninachotaka ukishike hasa ni kuhusu asubuhi, maana hapo ndipo watu wazuri wanapoharibikiwa. Ini hupunguza kilevi kama miligramu 15 za kipimo hicho hicho kwa saa, na halina haraka ya mtu. Kahawa chungu, maji ya baridi kichwani, supu ya pweza, kutapika: hakuna kinacholiharakisha. Chakula ukila kabla ya kunywa kinachelewesha pombe kuingia kwenye damu, lakini hakiitoi ikishaingia.

Chukua mwanamume yule yule wa kilo 70. Anakaa saa moja usiku, anaondoka saa sita usiku, amekunywa bia tano. Zimempandisha kama 210, na kwa saa tano ini limeondoa 75. Anasimama akiwa na 135. Analala. Saa kumi na moja alfajiri yuko Kange kuendesha basi, amepiga mswaki, shati limenyooka, na damu yake bado ina 60. Ni saa tatu asubuhi ndipo anapofika sifuri, wakati basi lilishapita Segera zamani. Huyu anaapa kuwa hajanywa leo, na anasema kweli. Kipima ulevi hakiulizi leo wala jana.

Hesabu hizi ni za makadirio. Kuna aliyekonda, mgonjwa, anayetumia dawa, ambaye hajala. Hao wanaweza kupanda zaidi. Usizitumie kutafuta chupa ya mwisho unayoruhusiwa. Zitumie kujua muda wa kukaa mbali na usukani.

Ukisimamishwa, zima gari, salimia, toa leseni. Ukiambiwa upulize, puliza. Kukataa kipimo bila sababu ya msingi ni kosa pia, na hakukusafishi. Unaweza kuomba kwa adabu uwekewe mrija mpya na uonyeshwe namba inayotoka. Kama umetoka kunywa dakika chache nyuma au umesukutua kwa dawa ya mdomo yenye spiriti, mwambie askari, maana kilevi kilichobaki mdomoni hupandisha namba, na dakika 15 hutosha kukiondoa. Usibishane, usitoe hela mkononi. Kesi ikifika mahakamani unaweza kupata faini au kifungo, na leseni yako inaweza kusimamishwa. Soma pia karatasi za bima yako kubwa: nyingi zina kifungu kinachomnyima fidia dereva aliyekuwa amelewa.

Na kulala garini? Ukikaa kwenye usukani umelewa, funguo zikiwa zako, sheria inaweza kukuhesabu kuwa gari liko mikononi mwako ingawa halijasogea.

Basi fanya hivi. Ukija na gari, nipe funguo unapoagiza chupa ya kwanza, akili ikiwa yako. Nikishazipokea naziandikia jina na kuziweka kwenye droo ya hela. Niambie na saa unayotaka kuondoka kesho, tuhesabu pamoja kurudi nyuma hadi chupa ya mwisho. Ukiwa na safari ya alfajiri, nitakupa soda. Bajaji zipo nje mpaka usiku, na mlinzi anakesha na magari.