Somo: Kuandika hadithi ya mtoto mwenye kipaji anayemlinda mnyama wake wa ajabu dhidi ya makabaila

Hadithi nyingi za aina hii hufa kwenye sura ya tano au ya sita, na ukizipasua ugonjwa ni uleule. Mwandishi alianza na kipaji cha mtoto, akaongeza mnyama mzuri, kisha akakumbuka kuwa anahitaji maadui. Makabaila wakaingia wamevaa vizuri na kucheka kwa dharau, basi. Hawana wanachokitafuta zaidi ya kuwa wabaya, kwa hiyo kila sura wanatuma askari, mtoto anawashinda, wanatuma wengine.

Hapa tunaanza kwa kabaila. Hatua tatu za kwanza ni za daftari, usiandike bado hata mstari mmoja wa hadithi.

HATUA YA 1: Mpe kabaila hati

Kabaila asiye na sheria nyuma yake ni jambazi tu, na jambazi anaweza kushitakiwa. Kinachomtisha msomaji ni mtu anayekuja kumchukua mnyama akiwa na karatasi yenye muhuri, huku majirani wote wakijua kuwa karatasi ni halali.

Historia imejaa mifano ya kuazima. Uingereza ya zama za kati ilikuwa na misitu ya mfalme yenye sheria zake. Hati ya Misitu ya mwaka 1217 ilitamka kuwa mtu asipoteze tena uhai wala kiungo kwa ajili ya mawindo ya mfalme. Hapo unajua adhabu zilizotangulia zilikuwaje. Aliyekamatwa alitozwa faini. Asiye na kitu alifungwa mwaka mmoja na siku moja, kisha asipopata wadhamini alifukuzwa nchini. Mbwa waliofugwa karibu na misitu hiyo walikatwa kucha 3 za mguu wa mbele wasiweze kufukuza mawindo, na mwenye mbwa ambaye hajakatwa alilipa shilingi 3. Hebu fikiria ofisa anapita nyumba kwa nyumba akikagua miguu ya mbwa, na chini ya kitanda cha mtoto amelala kiumbe mwenye kucha 5 za fedha. Sura ya kwanza umeshaipata, na hakuna upanga uliochomolewa.

Andika sheria ya ulimwengu wako kwa sentensi 3:
– Mnyama wa aina hii ni mali ya nani, na kuanzia lini (anapozaliwa, anapoota pembe, anapomjeruhi mtu)?
– Anayemficha anafanywa nini, na nani mwingine anaadhibiwa pamoja naye?
– Mwanya wa sheria uko wapi?

Sentensi ya tatu ndiyo mwisho wa hadithi yako. Mwanya lazima msomaji auone kabla theluthi ya kwanza haijaisha, tena upite kama jambo dogo. Ukiuleta kwenye sura ya mwisho, atakuambia umemdanganya, na atakuwa na haki.

HATUA YA 2: Amua kabaila anamtakia nini mnyama

Sababu ziko nne: silaha, dawa, heshima na woga. Waandishi wengi hukimbilia silaha. Heshima ina nguvu zaidi kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1414 mfalme wa Bengali, huko Bara Hindi, alimpelekea mfalme wa China twiga aliyetoka Afrika, na mwaka uliofuata wajumbe wa Malindi wakapeleka mwingine. Watu wa baraza la China walimwita qilin, mnyama wa masimulizi anayesemekana kutokea pale anapotawala mfalme mwadilifu. Twiga hakupigana vita wala hakuponya mtu. Kuwepo kwake tu kulikuwa ushahidi kwamba aliyeketi kwenye kiti cha enzi anastahili. Kabaila ambaye haki yake ya kutawala ina mashaka atauza shamba lake lote apate ushahidi wa namna hiyo.

Weka makabaila wawili, si mmoja, na wasitake kitu kimoja. Wa kwanza amtake hai kwa ajili ya heshima. Wa pili amtake amekufa kwa ajili ya dawa, au kwa kuwa anamwogopa. Sasa mtoto ana pa kupenya: anaweza kumfichulia mmoja njama za mwenzake. Kabaila akiwa mmoja, mtoto hana la kufanya ila kukimbia au kupigana, na mambo hayo mawili yanachosha haraka.

HATUA YA 3: Mwili wa mnyama

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Mnyama wa ajabu anakula, anakunywa, anakunya, ananuka, anakua. Chagua mnyama halisi wa kumfananisha naye, upige hesabu.

Tuseme ana ukubwa wa farasi wa kilo 500. Farasi hula chakula kikavu karibu asilimia 2 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 10. Hunywa lita 25 hadi 50, na samadi yake hufika kilo 20 na zaidi. Mtoto wa miaka 10 mwenye ndoo ya lita 10 ataenda kisimani safari 3 hadi 5 kila siku, na kila siku atafukia samadi mahali fulani. Katika wiki moja ni kilo 140 au zaidi. Zinakwenda wapi? Nani ameona njia mpya iliyokanyagwa kwenye nyasi? Mpelelezi wa kabaila hahitaji uchawi. Anahitaji kuuliza kwa nini kaya ya watu 3 inachota maji ya watu 12.

Mnyama mla nyama ni mgumu zaidi, kwa sababu nyama hununuliwa au huibwa, na vyote viwili vina mashahidi. Hata wafalme walilemewa: mwaka 1252 Henry III wa Uingereza alipewa na mfalme wa Norwei dubu mweupe, akawaamuru maofisa wa jiji la London watoe peni 4 kwa siku za kumtunza, pamoja na kifungo cha mdomo, mnyororo na kamba ndefu ili aweze kuvua samaki katika mto Thames.

Andika ukubwa wa mnyama mara tatu: mwanzo, katikati, mwisho. Maficho ya mwanzo yasimtoshe katikati. Na jihadhari na mnyama anayeweza kujigeuza mdogo akaingia mfukoni. Anapendeza, anauza, lakini anaua taharuki yote. Ukimtaka lazima, kila akijikunja alipe: alale siku 2, au arudi mkubwa zaidi ya alivyokuwa.

HATUA YA 4: Kipaji cha mtoto

Kiandike kwa muundo huu: anaweza A, lakini hawezi B, na baadaye hupatwa na C. Mfano: anasikia maumivu ya mnyama yeyote aliye karibu, hawezi kuchagua amsikie yupi, baadaye haoni rangi mpaka alale. Zizi la kabaila lenye farasi 40 sasa ni mahali pa mateso kwake, na huko ndiko mnyama wake amefungwa.

Kabla ya kilele kitumike mara tatu: kwanza kifanikiwe, kisha kifanikiwe kwa gharama, kisha kishindwe. Kikifanikiwa mara zote tatu, kilele hakina hofu.

HATUA YA 5: Urafiki

Fupi: mnyama awe na uwezo wa kukataa. Akitii kila neno, ni kifaa, na kugombania kifaa ni kesi ya mali. Mpe tendo moja la ukaidi kabla ya sura ya 4.

HATUA YA 6: Panga shinikizo kwa ngazi

Kwa hadithi ya sura 24, mpangilio huu hufanya kazi: sura 1–4 uvumi na ukaguzi; 5–8 kabaila anataka kununua, kwa heshima kabisa; 9–12 kodi mpya, deni la zamani linakumbukwa, mzazi anaitwa barazani; 13–16 kabaila anamwalika mtoto akasome kwenye jumba lake, aje na mnyama wake; 17–20 anakubali, anafaidi, anagundua; 21–24 nguvu, mwanya wa sheria, mwisho.

Mwaliko wa sura ya 13 ndio moyo wa kazi nzima. Uwe mzuri kweli. Walimu wawe walimu kweli, chakula kiwe kingi, mnyama apone kidonda chake pale. Msomaji naye atamani mtoto akubali. Jeshi likifika sura ya 3, umeshatumia ngazi ya juu na huna pa kupanda.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, ahsante kwa somo. Mtoto awe na miaka mingapi?
Jibu: Kati ya 9 na 12. Chini ya hapo hawezi kubeba ndoo wala kutembea usiku peke yake bila kuonekana kituko. Juu ya hapo watu wazima wanaanza kumwona mshindani, na unapoteza silaha yake kubwa, nayo ni kupita mbele ya walinzi bila kuhesabiwa.

Swali: Mnyama aongee au asiongee?
Jibu: Akiongea, awe na mambo asiyoyajua au asiyotaka kuyasema. Mnyama mzee anayejua kila kitu atakulazimisha kumnyamazisha kwa visingizio kila sura. Asiyeongea ni kazi zaidi: orodhesha ishara 6 za mwili (masikio, mkia, pumzi, joto la ngozi na kadhalika), kila moja na maana yake, na usibadilishe.

Swali: Naweza kumuua mnyama mwishoni?
Jibu: Unaweza, mradi afe kwa sababu uliyoijenga tangu mwanzo. Faru aliyefikishwa Lisbon mwaka 1515 alipelekwa na mfalme Manuel I kama zawadi kwa Papa Leo X. Meli ilizama karibu na pwani ya Italia mwanzoni mwa 1516, naye alikuwa amefungwa minyororo. Kilichomuua ni kule kuwa zawadi. Kifo cha namna hiyo msomaji anakikubali. Mshale unaotoka kusikojulikana hakikubali.

Swali: Nina binti wa kabaila anayekuwa rafiki wa mtoto. Ni sawa?
Jibu: Sawa, ila akimsaidia apoteze kitu kisichorudi: urithi, jina, au imani ya baba yake. Asiyepoteza chochote atasomeka kama mlango ulioachwa wazi makusudi na mwandishi.

Swali: Nimeshachapisha sura 15 na mtoto wangu tayari anapiga jeshi zima kwa mkono mmoja. Nifute nianze upya?
Jibu: Usifute, ndugu, wasomaji wameshazisoma. Hamisha tatizo liende mahali ambapo nguvu haifiki. Mnyama augue ugonjwa ambao dawa yake iko kwa kabaila peke yake. Au baraza litangaze kuwa kila askari anayejeruhiwa, kijiji kitalipa. Katika sura ya 16 mwache mtoto ashinde pigano lake kama kawaida, na katika sura ya 17 mtoza fidia agonge mlango wa jirani yake.