Soma anwani kabla ya kubofya

Unaomba mkopo au ajira kwenye kompyuta ya steshenari pale Dodoma mjini? Fungua kivinjari, Chrome au Firefox, kisha andika anwani kamili ya tovuti juu kabisa, kwenye upau wa anwani: heslb.go.tz (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu) au ajira.go.tz (Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma). Ukiandika "mkopo" tu, kivinjari kitakupeleka Google, na kiungo cha kwanza huko huenda ni tangazo la kulipia.

Anwani isome hadi mkwaju wa kwanza (/), baada ya https://. Kinachoamua ni herufi za mwisho kabla ya mkwaju huo. Tovuti ya serikali huishia .go.tz, ya chuo .ac.tz. Ukikuta .go.tz katikati, halafu nukta nyingine na .com, hiyo ni ya mtu mwingine, usiweke nywila. Alama ya kufuli haikuokoi: inaonyesha mawasiliano yamefichwa njiani, basi. Matapeli nao wanayo.

Kwa kuwa kompyuta si yako, tumia dirisha la faragha, ambalo ukilifunga halibakizi historia ya kurasa ulizofungua: Ctrl+Shift+N kwa Chrome, Ctrl+Shift+P kwa Firefox. Ukimaliza, toka kwenye akaunti na ufunge madirisha yote ya faragha. Faili ulizopakua hubaki, kwa hiyo zifute mwenyewe.