Kumfuta mtumiaji kwenye PostgreSQL bila kumzika na majedwali yake

Karani akiacha kazi, funguo za ghala anazirudisha siku hiyohiyo. Akaunti yake kwenye hifadhidata ndiyo husahaulika. Ofisi moja ya mkonge hapa Tanga niliikuta na akaunti 11, na waliokuwa bado kazini ni 4.

Ukikimbilia DROP ROLE, amri ya kufuta akaunti, mara nyingi PostgreSQL (programu inayoendesha hifadhidata) inagoma: kuna vitu vinavyomtegemea mtu huyo. Usiilaani, imekuokoa. Tuseme akaunti inaitwa karani_ghala.

Hatua ya 1: bekapu. pg_dump, zana ya kunakili hifadhidata, haibebi akaunti, kwa hiyo ongeza na hii:

pg_dumpall --globals-only > akaunti.sql

Hatua ya 2: mfungie mlango, usimfute.

ALTER ROLE karani_ghala NOLOGIN;

Amri hii inazuia kuingia upya tu. Aliyekwisha kuingia anaendelea na shughuli zake, hivyo mtafute umtoe:

SELECT pid, datname, client_addr FROM pg_stat_activity WHERE usename = 'karani_ghala';

SELECT pg_terminate_backend(pid) FROM pg_stat_activity WHERE usename = 'karani_ghala';

Halafu subiri. Mimi husubiri mpaka hesabu za mwisho wa mwezi zipite, na sababu ninayo. Niliwahi kumfungia karani aliyeondoka zamani. Kesho yake nimekaa barazani Ngamiani, kikombe cha kahawa mkononi, simu ikaita: ripoti ya usiku haijatoka. Kumbe programu inayotoa ripoti ilikuwa ikiingia kwa jina na nywila ya karani yule! Nikaandika ALTER ROLE na LOGIN, ripoti ikatoka, kisha nikaipa programu akaunti yake yenyewe. Ningekuwa nimeshafuta, kahawa ingepoa.

Hatua ya 3: hamisha mali zake.

REASSIGN OWNED BY karani_ghala TO mmiliki_ghala;

Usimkabidhi karani mwingine, naye ataondoka. mmiliki_ghala iwe akaunti ya ofisi isiyoingia popote, kazi yake kumiliki majedwali tu; itengeneze kabla ya amri hii.

Hatua ya 4: ondoa ruhusa zilizobaki.

DROP OWNED BY karani_ghala;

Hapa ndipo pa kuangalia mara mbili. Amri hii hunyang'anya ruhusa alizopewa, lakini pia hufuta kila anachomiliki kwenye hifadhidata uliyomo. Ukiitanguliza mbele ya hatua ya 3, majedwali yamekwenda. Na kwa kuwa hatua hizi mbili hazivuki hifadhidata moja kwenda nyingine, ingia katika kila moja uzirudie. Wengi hukwama hapo: wamesafisha ya mauzo, wakaisahau ya mishahara.

Hatua ya 5.

DROP ROLE karani_ghala;

Ikigoma tena, soma mstari wa maelezo chini ya kosa. Unataja hifadhidata ambamo vitu vyake vimebaki; nenda huko na hatua ya 3 na ya 4.

Wa MySQL, programu nyingine ya hifadhidata, kwenu akaunti ni jina pamoja na mahali mtu anapotokea. 'karani'@'localhost' (anayeingia akiwa kwenye seva yenyewe) na 'karani'@'%' (anayeingia kutoka popote) ni akaunti mbili, na kumfuta mmoja hakumgusi mwenzake. Waone wote kwanza:

SELECT user, host FROM mysql.user WHERE user = 'karani';

DROP USER ya huko nayo haimtoi aliyekwisha kuingia. Mtafute kwa SHOW PROCESSLIST, umkate kwa KILL na namba yake.