Kijana akinyamaza, usimhoji
Kijana aliyebalehe akianza kujifungia chumbani, wazazi wengi humkalisha kitako na kumhoji. Hapo ndipo anapofunga mdomo kabisa. Afadhali mfanye kazi pamoja, kuosha vyombo au kukunja nguo, macho yakiwa kwenye kazi. Maneno hutoka yenyewe. Akisema, "Leo wamenicheka," usikimbilie kushauri. Uliza tu, "Ikawaje?" kisha nyamaza. Marafiki anawahitaji, na hilo si kukukataa wewe: kwao anatafuta kukubalika, kwako anatafuta pa kuegemea mambo yakiharibika. Tena awepo mtu mzima mwingine anayemwamini, shangazi au mjomba, maana yapo ambayo hatakuambia hata umbembeleze vipi. Ila usimgeuze huyo kuwa shushushu wako.