Kanta ya kwanza: angalia mikono, usihesabu vipindi

Mwanafunzi wa farasi, awe Jinja, Entebbe au Munyonyo hapa Uganda, akishazoea tandiko kidogo huuliza swali lilelile kuhusu kanta, mwendo wa farasi unaofuata baada ya troti: "Nitaanza kanta baada ya vipindi vingapi?" Idadi haisaidii. Yuko anayekuwa tayari kwenye kipindi cha 10, na yuko aliyefika 30 akiwa bado ananing'inia kwenye hatamu. Kinachoamua ni troti yake, na hasa mikono yake.

Kwanza tuelewane juu ya miendo. Farasi akitembea, kwato hugonga ardhi mara nne, mmoja baada ya mwingine. Troti, ambayo kamusi huiita matiti, ina mapigo mawili: miguu huenda jozi kwa mkingamo, wa mbele kulia pamoja na wa nyuma kushoto. Kanta ina mapigo matatu, kisha kitambo cha kimya farasi akiwa hewani: ta-ta-tam, kimya, ta-ta-tam. Kasi yake ni kama km 16 hadi 25 kwa saa, sawa na boda anayepita mtaani bila haraka. Zaidi ya hapo ni shoti, yaani mbio kamili, na hiyo tuiache.

Ajabu ni kwamba kanta ni laini kuliko troti. Humbembeza mpandaji kama mtumbwi kwenye mawimbi madogo. Mara nyingi mwanafunzi haanguki katikati ya kanta. Huanguka mlangoni, akiingia kanta au akitoka. Farasi anapotoka kwenye kanta hutua kwenye troti kubwa, ya haraka, inayorusha kiuno. Asiyeweza kukaa kwenye troti hiyo hana njia salama ya kutoka, hata kama aliingia vizuri. Ndiyo maana mtihani wa kanta hufanywa kwenye troti.

Anza na mikono. Mvishe farasi ukanda wa shingoni, mwanafunzi aingize kidole kidogo cha kila mkono chini ya ukanda huo huku ameshika hatamu kama kawaida. Aende troti ya kuinuka na kukaa, azunguke uwanja wote, kulia na kushoto. Wewe simama pembeni, utazame ukanda tu. Ukilala shingoni umelegea, vizuri. Ukivutwa juu kila anapoinuka, anajiinua kwa mikono badala ya mapaja, na bila ukanda mvuto ule wote ungeishia kwenye lijamu, mdomoni mwa farasi. Kwenye troti kichwa cha farasi hutulia, kwa hiyo kosa hilo linavumilika. Kwenye kanta kichwa na shingo huenda mbele na kurudi kila hatua, na mkono usiojua kufuata humpiga farasi mdomoni tena na tena. Farasi mpole ataacha kwenda. Asiye mpole atarusha kichwa, au makalio.

Kisha mtoe vikuku, vile vyuma vya kukanyagia. Farasi awe kwenye kamba ndefu, duara la kipenyo cha mita 15 hadi 20, mwalimu katikati. Mwanafunzi akae kwenye troti ya polepole bila kuinuka, mizunguko 2 au 3 kila upande. Kuteleza kidogo si neno. Kubana kwa magoti ndiyo dalili mbaya, kwa sababu goti likibana, kisigino hupanda, makalio hutoka kwenye tandiko, na mpandaji anabaki kama koleo lililobana chupa. Ukimwona hivyo, kanta isubiri.

Baada ya hapo arudishiwe vikuku, asimame nusu juu ya tandiko, makalio yamenyanyuka kidogo, visigino chini, na azunguke uwanja mara moja kwa troti bila kuangukia shingo wala kurudi nyuma. Na awe anajua, bila kuinama kutazama, bega gani la farasi linakwenda mbele anapoinuka. Linapaswa kuwa la nje, yaani la upande wa ukingo wa uwanja.

Breki pia zipimwe. Weka koni. Mwanafunzi atoke troti hadi kutembea, ndani ya urefu wa farasi mmoja kutoka kwenye koni, kwa kukaa chini, kutoa pumzi na kufunga vidole. Anayelala nyuma na kuvuta kama anayefunga ng'ombe hajawa tayari.

Yote yakipita, kanta ya kwanza ifanyike mwisho wa kipindi, farasi akiwa ameshapashwa moto, lakini si mwisho kabisa mtu akiwa amechoka. Chagua farasi anayeitikia sauti. Kaza mkanda wa tumbo upya, kwa kuwa hulegea baada ya dakika 10 hivi. Hakikisha kofia haichezi mpandaji akitikisa kichwa, na viatu vina kisigino.

Kwenye kamba ndefu, mwanafunzi ashike ukanda wa shingoni kwa mkono mmoja. Troti iwe fupi na tulivu. Akae, mguu wa ndani ubaki karibu na mkanda wa tumbo, wa nje urudi nyuma kama upana wa kiganja, abane mara moja. Mwalimu aongeze sauti. Mguu wa nje unaamsha mguu wa nyuma wa nje wa farasi, nao ndio unaoanza kanta sahihi. Hatua 5 au 6 zinatosha, kisha troti, kisha kumpapasa farasi. Mara ya pili nusu duara, ya tatu duara zima, halafu upande wa pili.

Farasi akizidisha troti bila kuingia kanta, usimwache mwanafunzi amfukuze. Troti ya mbio humrusha mtu na humtoa farasi kwenye mizani. Rudini troti ya polepole, muombe upya. Mara nyingi chanzo ni mpandaji aliyeinamia mbele na kulemea mabega ya farasi. Anayezuia pumzi mwambie aimbe, wimbo wowote. Huwezi kuimba na kuzuia pumzi kwa wakati mmoja.

Sasa ardhi yetu. Maramu ya Januari ni ngumu kama sakafu, hivyo anguko huumiza na kwato hupata mshtuko. Mvua za Machi hadi Mei hufanya kona kuwa utelezi, na nyasi ndefu huficha mashimo ya mhanga na vichuguu. Kwa hiyo usitoke uwanjani mpaka mwanafunzi aweze kuingia na kutoka kanta mwenyewe, bila kamba, mara tatu mfululizo kila upande. Mgeni anayekwenda kupanda farasi katika hifadhi ya wanyama ya Ziwa Mburo na kusema "najua kanta" apimwe kwa koni ileile kabla ya kufika kwenye pundamilia, maana kundi likikimbia, farasi naye hutamani kukimbia. Na kanta ya kwanza ya nje ifanywe mkipanda mteremko mdogo, mmoja mmoja, mkiwa mmeligeuzia zizi mgongo.