Kuhesabu ndege wa bahari wanaotaga mashimoni: mfano wa Skomer

Mchana, mzazi mmoja wa ndege aitwaye Puffinus puffinus yuko baharini na mwenzake anaatamia yai moja chini ya ardhi. Zamu hubadilishwa usiku, kwa kuwaogopa shakwe wakubwa. Kwa hiyo mgeni anaweza kuzunguka Skomer, kisiwa cha Welisi chenye jozi zipatazo 350,000 kwa sensa ya 2018, asimwone hata mmoja. Tunachohesabu ni sauti.

Hatua ya 1. Fanya kazi kati ya mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni, wengi wakiwa wanaatamia.

Hatua ya 2. Chagua vituo kwa bahati nasibu. Usivutwe na penye mashimo mengi. Piga kigingi, funga kamba ya mita 10, zunguka nayo: umepata mita za mraba 314. Kanyaga kwa uangalifu, ardhi ina uwazi chini. Shimo likibomoka, lizibe papo hapo kwa ubao au jiwe bapa.

Hatua ya 3. Kwenye kila mdomo wa shimo cheza mlio uliorekodiwa, nusu dakika hivi, kisha sikiliza. Cheza wa dume na wa jike. Dume humjibu dume, jike humjibu jike. Ukibeba wa dume tu, majike walio zamu watakunyamazia.

Hatua ya 4. Sensa huharibikia hapa. Shimo lililo kimya huenda lina ndege. Tenga mashimo ambayo una hakika yana ndege, uyachezee mlio uleule kila siku, msimu huohuo. Tuseme kati ya ndege 100 wamejibu 40: kizidisho chako, yaani namba ya kuzidishia majibu uliyosikia, ni 2.5 (100 ÷ 40). Ukikosea ukaandika 50, kinashuka hadi 2, na moja ya tano ya ndege wa kisiwa wametoweka kwenye karatasi, ilhali wote wapo.

Hatua ya 5. Zidisha majibu ya vituo vyako kwa kizidisho, kisha yakuze hadi eneo lote la kisiwa lenye mashimo, ila tumia eneo halisi la mteremko. Ramani huwapunja wanaoishi kwenye magenge.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, si rahisi zaidi kuingiza kamera?*
Kwa shimo fupi, sawa. Mengi ya Skomer yamepinda, mengine yalichimbwa na sungura na yana midomo miwili. Kamera hukwama konani, nawe ukaandika "tupu". Itumie kuhakikishia mashimo ya hatua ya 4.

*Huku Shelisheli, kisiwani Cousin, njia hii inafaa?*
Inafaa, ndugu, kwa mlio wa ndege wa huko, Ardenna pacifica, na kizidisho ukipime hukohuko. Cha Skomer kiache Skomer.

*Nikichelewa hadi Julai je?*
Mayai mengi yatakuwa yameanguliwa. Kinda akishatimiza siku chache, wazazi humwacha peke yake mchana kutwa, hivyo hakuna mkubwa wa kukujibu. Ahirisha hadi mwakani.